Uzi: Kutoka Nguzo ya Vasco mpaka Casuarina kwa miguu na familia nzima (na balaa la "saa 2")

BabaWatatu (mwenye uzi)

Assalam aleikum na hamjambo nyote.

Likizo ikianza tu, swali humu ni moja: "Niko Malindi na watoto, niwapeleke wapi?" Majibu nayo ni yale yale, aiskrimu ya Wataliano na boti ya kioo chini. Aiskrimu sina ugomvi nayo. Lakini Jumamosi iliyopita sisi tulifuata mwamba kwa miguu, kutoka pale Nguzo ya Vasco da Gama (yule baharia Mreno) mpaka ufuo wa Casuarina. Tulikuwa watu kumi: mimi na mama watoto, watoto wetu watatu, shemeji yangu na mkewe waliotoka Nairobi na watoto wao wawili, na mamangu mzazi ambaye sote nyumbani tunamwita Bibi. Mdogo kabisa ana miaka mitano, Bibi ana sabini na mbili. Siku ilikuwa tamu sana na nusura iwe chungu. Naandika kwa urefu, mwenye haraka apite.

Kwanza, msitarajie genge la kutisha (ukuta mrefu wa mwamba) kama mnayoona kwenye picha za Ulaya. Mwamba wetu ni mfupi, mahali pengi urefu wa watu wawili au watatu, lakini una meno. Pale kwenye nguzo ndipo unapochomoza baharini kama pua. Unatembea juu ya jiwe lililotobokatoboka, upepo unakupiga kifuani, na chini unasikia maji yakiingia kwenye mapango na kutoka na mlio wa mtu anayesukutua kinywa. Kijana wangu wa kati alilala kifudifudi akachungulia tundu moja, wimbi likaja kwa chini, likamtemea mate ya chumvi usoni. Akacheka mpaka akakohoa. Ukigeuka kaskazini unaiona ghuba yote, mji na gati, na kusini ndiko njia yenyewe: kipande cha mchanga, kipande cha mwamba, mchanga tena, mwamba tena. Ni kama kilomita nne na ushei ukifuata mikunjo ya ufuo.

Sehemu za mchanga hata mtoto wa kubebwa anapita. Taabu ni pale mwamba unaposhuka mpaka majini. Maji yakiwa yametoka unapita chini kwa miguu mikavu, unatazama vidimbwi. Yakiwa yamejaa hupiti kabisa, na juu nako hakuna njia maana kuna kuta za majumba ya watu. Kwa hiyo safari hii yote inategemea maji. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Mimi ni mtoto wa Shela ya hapa hapa Malindi (si ile ya Lamu, tafadhali).

Basi usiku wa Ijumaa nikatazama programu ya maji kwenye simu: yanatoka kabisa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nikapiga hesabu, tuanze kutembea saa mbili na nusu wakati maji yanakwenda zake, saa nne na nusu tuwe Casuarina tunakula. Nikaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp, maneno matatu: "Kesho saa 2."

Saa mbili asubuhi sisi tuko nguzoni na kapu la mahamri. Shemeji hayupo. Saa mbili na nusu nampigia, sauti ya usingizi: "Si ulisema saa mbili? Mchana bado sana." Yeye aliisoma kama tarakimu ya kizungu. Mtu mzima, Mkenya, mke wake Mswahili! Anasema huko ofisini kwao "saa 2" ni saa nane. Nikanyamaza kwa sababu mama watoto alikuwa ananitazama, na huyo ni kakake.

Wakafika saa nne kasoro robo. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na hili silisukumi kwa mtu. Nilipaswa kusema leo tuishie nguzoni, tule, tuoge, twende zetu. Badala yake nikasema "twendeni upesi upesi." Na watoto watano hakuna upesi upesi. Kila kidimbwi ni kituo. Tulikuta mzee mmoja na mkonjo wake anatafuta pweza, akawaonyesha watoto shimo moja. Hatukuona kitu. Akasema tazameni vizuri, yale makombe yaliyopangwa mlangoni ni mabaki ya chakula chake, hapo ndani kuna mwenye nyumba. Akaingiza ncha ya mkonjo polepole, na jiwe lililokuwa la kahawia likawa jekundu, kisha jeupe, kisha likawa na jicho. Binti wa shemeji, miaka tisa, alikaa pale dakika ishirini nzima. Ungekuwa wewe ungemvuta mkono?

Saa sita kasoro tulikuwa hatujafika popote. Tukafika kwenye kona ya mwamba, ile ambayo lazima upite chini. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, yametulia, hayana hata povu. Nikasema twende. Bibi akasimama. Akakusanya leso yake, akasema, "Mimi hapa sipiti." Nikamwambia mama, maji ni kidogo. Akanyoosha kidole kwenye mwamba, "Maji usiyatazame. Tazama ukuta."

Nikatazama. Kwenye jiwe kulikuwa na mstari. Chini yake jiwe ni la kijani na jeusi, lina utelezi na chaza wameshikana. Juu yake jiwe ni la kijivu, kavu. Mstari ulikuwa juu ya kichwa cha shemeji, na shemeji ni mrefu.

"Hapo ndipo maji yanapolala," akasema Bibi. "Leo yatalala hapo hapo."

Wadau, nimekulia pwani hii miaka arobaini na moja na sikuwahi kuutazama mwamba hivyo. Tulirudi nyuma. Na kurudi nako kulikuwa na mambo, maana kona tuliyoipita nusu saa kabla sasa ilikuwa na maji ya magotini, ya kifuani kwa mdogo. Shemeji akambeba begani, mimi nikabeba kapu kichwani, na tukatokea kwenye ngazi ya jumba moja lenye geti la chuma na kufuli. Tukabisha. Askari wa pale akatutazama, watu kumi tumelowa, ajuza kati yetu, akafungua bila neno. Mungu ampe kheri. Tukapita uani mwa watu tukichuruzika maji mpaka barabarani, tukapanda tuktuk mbili kwenda Casuarina kama watalii.

Mbaazi zilikuwa baridi. Zililiwa zote.

Karibuni maswali.

NahodhaMstaafu

Yakhe, pole na hongera. Mamako mpe salamu zangu, mwambie yupo mtu humu amemvulia kofia.

Ila nikukosoe kidogo kwa heshima. Umeandika kana kwamba simu ingewafaa lau shemeji angeamka. Sisi tuliolelewa ngalawani hatukuwa na simu, tulihesabu mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ongeza siku moja au mbili, hapo bamvua imekaza: maji hutoka mbali sana na hujaa sana. Mwezi ukiwa wa siku saba, nane, na tena ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu, hayendi mbali wala hayapandi sana. Na pwani yetu hii bamvua ina tabia moja ambayo ukiishika hutaisahau: maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Kila bamvua, mwaka mzima. Siku ikipita, sogeza mbele kama dakika hamsini. Ndiyo maana kwenye maji mafu mambo hugeuka, saa nne asubuhi unakuta yamejaa.

Sasa, tazama kalenda ya Kiislamu ukutani, ile ya duka la dawa au ya msikiti, umepata jedwali lako bure. Tarehe 16 ya mwezi? Saa nne na ushei. Sawa kabisa na simu yako.

La pili. Maji hayapandi kwa kasi moja. Yakishatoka kabisa, saa ya kwanza huyaoni. Ya pili yanaamka. Saa ya tatu na ya nne ndiyo mbio, kila saa moja inaleta robo ya maji yote. Bamvua kubwa ya hapa inapita mita tatu toka chini hadi juu. Robo yake ni kama sentimita themanini, huyo wa miaka mitano yuko kifuani kwa saa moja. Nyinyi mlikuwa pale kwenye kona saa moja na nusu baada ya maji kutoka. Mlikuwa mlangoni mwa mbio. Ndiyo maana yalikuwa "yametulia".

NdalaMoja

Wakuu salaam kutoka Tanga. Uzi mzuri. Maswali: 1) Hapo mwambani mnavaa nini miguuni, ndala zinatosha? 2) Mama mkwe wangu ana goti, anaweza? 3) Huyo pweza mlimla?

BabaWatatu

@NdalaMoja karibu jirani.

1) Ndala (huku tunaziita slipa, au champali ukiwa na watu wa Mombasa) hapana. Mkanda unakatika katikati ya mwamba halafu unarudi na mguu mmoja. Mwamba unakata kama kiwembe, na kwenye vidimbwi kuna vile viumbe vyeusi vya miiba, ukikanyaga mwiba unavunjikia ndani. Raba kuukuu ambayo huijali ikilowa ndiyo kiatu. Bibi alivaa raba za shule za mjukuu wake, na soksi.

2) Goti: amalizie nguzoni. Toka langoni mpaka kwenye nguzo ni mwendo mfupi, atakaa kivulini upande wa bara kisha aje polepole aone bahari. Pale ni chini ya Makumbusho ya Taifa, kuna kiingilio langoni. Halafu mpandishe tuktuk mkutane Casuarina.

3) Hatukumla. Mzee alimwacha, akasema bado mdogo. Watoto waliposikia hivyo wakampigia makofi mzee, akaona haya.

MamaPacha

Jamani mimi nauliza la maana: choo? Kivuli? Nina pacha wa miaka mitatu.

BabaWatatu

@MamaPacha mwendo mzima hakuna choo, sikudanganyi. Kipo mwanzo na mwisho. Kivuli ni kwenye mivinje tu, na mivinje mingi iko Casuarina (si ndiko jina lilikotoka). Katikati ni jua la utosi, na mwanga unaoruka kutoka majini unachoma hata ukiwa na kofia. Kwa pacha wa miaka mitatu ningeshauri mwanzie Casuarina, mtembee kidogo kwenye mchanga maji yakiwa yametoka, mrudi. Beba maji zaidi ya unavyodhani. Sisi tulikuwa na lita kumi na moja za watu kumi, ziliisha.

MwalimuMawe

Nafundisha jiografia, kwa hiyo nitachosha kidogo.

Huo mwamba wanaoukanyaga watu si jiwe la kawaida, ni matumbawe. Yalikuwa hai. Kama miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na mahali mnapopiga picha palikuwa chini ya maji, samaki wanapita. Bahari ilipoteremka matumbawe yakabaki nje, yakafa, yakawa jiwe. Ukitaka ushahidi, usitazame mbali. Inama. Utaona jiwe lenye mistari inayopindapinda kama ubongo, na mengine yenye vijishimo kama sega la nyuki. Hayo ni maumbo ya tumbawe lenyewe. Wanangu wa darasa la sita huona hayo kabla yangu kila mara, wako karibu na ardhi.

Na jiwe hilo hilo ndilo lililojenga miji yetu ya kale. Magofu ya Gedi, misikiti, nyumba za mawe, yote ni matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa.

Sasa la usalama, ambalo mwenye uzi hakulitaja. Bahari inaula mwamba kwa chini, palepale kwenye mstari wa Bibi, kwa mawimbi na kwa wadudu na konokono wanaolikwangua jiwe. Kwa hiyo juu kunabaki kama sakafu iliyoning'inia bila nguzo. Ndiyo maana kijana wako alitemewa mate kupitia tundu: alikuwa amelala juu ya paa la pango. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, usisimame upande wa bahari wa ufa huo. Na usikae chini ya paa la mwamba kutafuta kivuli, hata kama ndicho kivuli pekee.

BabaWatatu

Mwalimu, hilo la paa sikulijua. Nimesoma kwa sauti nyumbani, mama watoto hajanisemesha mpaka sasa.

SiriYaJiwe

Mimi naona ajabu mnaenda kupiga picha na nguzo ya mkoloni na kuiita matembezi ya familia.

MzeeWaJuziJuzi

@SiriYaJiwe tusianze. Lakini kwa kuwa umeanza.

Vasco alifika Malindi Aprili 1498, akitoka Mombasa alikoponea chupuchupu. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri kwa sababu yake mwenyewe: Mombasa ilikuwa hasimu wake, na adui wa adui yangu tunajua. Akampa rubani, na rubani huyo ndiye aliyewavusha mpaka Calicut kule India, wakafika Mei 1498, siku ishirini na ushei tu kwa upepo wa kusi. Vasco asingeijua njia hiyo, ila watu wa bahari hii walikuwa wakiipita karne na karne. Januari 1499 akarudi kupitia hapa hapa, mabaharia wake wanakufa kwa ugonjwa wa kukosa matunda, Malindi ikawapa machungwa. Kwa hiyo mimi nikiwa pale na wajukuu siwaonyeshi nguzo ya Mreno. Nawaonyesha bahari nawaambia, mnaona kule? Watu wetu walikuwa na njia.

Na miaka themanini na kitu kabla yake, 1415, Malindi ilipeleka twiga China. Twiga! Kwenye jahazi! Hilo watoto hulipenda kuliko Vasco.

SiriYaJiwe

Twiga nakubali. Nguzo sikubali.

NdalaMoja

Twiga alilala vipi kwenye jahazi?

BintShela

Nimekuja kutetea kwetu. Huyo mwenye uzi amesema "si ile ya Lamu", kana kwamba ile ya Lamu ni nakala. Haya. Sisi hatuna mwamba wa kukata miguu. Ukitoka Lamu mjini ukifuata ufuo kwa miguu kama nusu saa, dakika arobaini, uko Shela, na ukitoka Shela una mchanga mtupu kilomita kumi na mbili, upande mmoja bahari, upande wa pili vilima vya mchanga. Hakuna ukuta wa jumba, hakuna geti, hakuna gari. Mtoto akichoka kuna punda. Na hivyo vilima msivione ni mchanga wa bure, chini yake ndimo maji matamu ya mji wa Lamu yanamohifadhiwa, ndiyo maana tunapigana visijengwe.

Mmoja tu wenu anitajie kilomita kumi na mbili za Malindi bila ukuta.

BabaWatatu

Dada BintShela, kwenye kuta umenishinda, sina jibu. Lakini kilomita kumi na mbili za mchanga na watoto watano? Punda wangapi?

BintShela

Wawili. Mmoja wa watoto, mmoja wako.

KibandaChaMabuyu

Hili la kuta ndilo nilitaka kulisema. Mimi nimezaliwa hapa, nauza mabuyu na kachiri ufuoni. Zamani kila baada ya hatua chache kulikuwa na kichochoro cha kushukia baharini, wavuvi wanapitisha madau. Leo kichochoro kimefungwa, au kimewekwa geti, au kimeachwa chembamba kama mtu apite kiubavu. Jiulize, familia hii isingempata yule askari mwenye moyo ingefanyaje? Ingekaa juu ya jiwe mpaka usiku maji yatoke tena. Ufuo ni wa wote, lakini ufuo usio na mlango ni wa nani?

Simtaji mtu. Ukipita utaona mwenyewe.

NahodhaMstaafu

@KibandaChaMabuyu kweli tupu. Na ndiyo maana mimi humwambia kila mgeni: kabla hujateremka, hesabu vichochoro. Tembea ukijua kile cha nyuma yako kiko wapi na kile cha mbele kiko wapi. Kama cha mbele hukijui, basi hukijui, geuka.

MzaliwaMarafa

Kwa wale wanaoogopa maji, njooni kwetu Marafa. Ni kama kilomita thelathini kutoka Malindi, unavuka mto Sabaki unaelekea bara. Pale Nyari ardhi imemomonyoka ikawa magenge ya rangi, jeupe, waridi, jekundu la damu, wageni wanapaita jiko la jahanamu. Sisi Wagiriama tunapaita Nyari, palipovunjika penyewe. Wazee husimulia juu ya familia moja tajiri iliyokuwa na ng'ombe wengi mpaka ikaoga maziwa, na Mungu akaididimiza. Jeupe ni maziwa, jekundu ni damu yao. Watoto wangu huisikiliza kila mwaka na kila mwaka wananiuliza ng'ombe walikwenda wapi.

Nendeni alasiri. Saa sita mchana kule chini ni tanuri.

MamaPacha

Kuna choo?

MzaliwaMarafa

Kipo, mama. Kwenye lango.

MwalimuMawe

Nyongeza kuhusu Sabaki aliyoitaja ndugu hapo juu. Mkija wakati wa masika msishangae ghuba ya Malindi kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa bara unaoletwa na mto huo. Kaskazi ikianza kutulia maji yanakuwa safi zaidi, na vidimbwi vya mwambani vinaonekana mpaka chini. Wakati wa kusi, kati ya Julai na Septemba hivi, bahari ni chafu na ina mawimbi, mwani umejaa ufuoni, ila ukisimama juu ya mwamba na subira unaweza kumwona nyangumi akipumua mbali. Wanapita hapa miezi hiyo kuzaa.

BabaWatatu

Nilisahau jambo moja la Casuarina, na naomba wenye watoto mlisome.

Pale mmeshaingia hifadhi ya bahari, ile ya tangu 1968. Kuna kiingilio, na malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali, si pesa mkononi, kwa hiyo mtu mmoja awe na simu yenye chaji. Yangu ilikuwa imelowa. Shemeji ndiye aliyelipa, na hiyo ilikuwa faraja yake ya siku.

Baada ya kula, askari wa hifadhi alikuja kutusalimu. Akachuchumaa mbele ya mtoto wangu wa mwisho akamwuliza, "Mfuko umejaa nini?" Mtoto akatoa kombe moja. La pili. La tatu. Jumla kumi na saba, na la mwisho lilikuwa linatembea. Kaa mdogo alikuwa amehamia ndani. Askari hakugomba hata kidogo. Akamwambia, hii ni nyumba ya mtu, na hizi nyingine ni nyumba za kupangisha, wapangaji bado wanakuja. Tukaenda sote mpaka kwenye maji kuyarudisha moja moja, na mtoto akawa anabisha hodi kwenye kila kombe kabla ya kuliweka. Kuchukua makombe hifadhini hairuhusiwi, hata tupu. Tumbawe vile vile. Kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota) pia, hata kwa dakika moja ya picha, muacheni majini.

NdalaMoja

Mkuu nimeshaamua, tunakuja Pasaka. Mama mkwe nguzoni, sisi chini na raba. Nipangie saa.

NahodhaMstaafu

@NdalaMoja usipangiwe. Tazama mwezi.

BabaWatatu

Sisi tunarudia bamvua ijayo ya mwezi mpevu, tumalize kile kipande kilichobaki. Jumamosi, tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Wa karibu mnakaribishwa, tukutane nguzoni. Bibi ameshasema yeye ndiye atakayetoa amri ya kuteremka. Saa moja na nusu ASUBUHI, jua likiwa bado chini, kabla ya chai ya pili.

ShemejiWaNairobi

Nimejiunga leo tu kwa ajili ya uzi huu. Nimesoma yote. Nina swali moja: hiyo saa moja na nusu ni ya kwenu au ya kwetu?